MLINZI NAYE AWEKEWE MPAKA

Kumlinda mtoto ni wajibu. Kumpeleleza ni jambo jingine. Sheria ya Marekani ya mwaka 2000 huzitaka shule zinazopunguziwa gharama za intaneti zichuje picha chafu na kuangalia mwenendo wa wanafunzi humo. Hilo ni jema. Lakini huko huko, jimboni Pennsylvania, kompyuta zilizotolewa na shule za Lower Merion ziliwapiga wanafunzi picha kwa siri hata majumbani mwao. Mwaka 2010 wakuu wa shule hizo walikubali kulipa dola 610,000 kuimaliza kesi. Twasema basi: kabla ya kuwasha chombo cho chote, shule iwaeleze wazazi kinatazama nini, nani atazamaye, na mwisho wake wapi. Alindaye kwa nia njema haogopi kuonekana.