Tabianchi, Vijana na Mto Tana

Wapo wanaodai kuwa vijana walioandamana Nairobi mnamo Septemba 2023, viongozi wa Afrika walipokutana kujadili tabianchi, waliiga tu mambo ya Ulaya. Kwani Mto Tana si ulifurika tangu enzi za mababu? Ni kweli. Wapokomo wa Wenje walilima mpunga kwa kuyategemea mafuriko hayo, na mabwawa kama Masinga, lililokamilika mwaka 1981, yaliubadili mwendo wa mto bila ya hewa ya ukaa kuhusika.

Hata hivyo, hoja hiyo haiugusi ukame. Tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo. Mwaka 2023, wanasayansi wa World Weather Attribution walikadiria kuwa joto lililoongezwa na binadamu liliufanya ukame huo uwezekane angalau mara 100 zaidi.

Vijana basi wana hoja. Kasoro yao (nayo yawahusu wanafunzi wa Kiswahili) ni mabango ya Kiingereza. Mfuko wa hasara na uharibifu uliafikiwa Misri mwaka 2022. Mfugaji wa Kiorma aliyepoteza ng'ombe hawezi kuudai kwa lugha asiyoisoma.