Herufi Moja Katika Damu ya Mtoto



Hutokea katika nyumba zetu za Pwani mtoto akazaliwa mzima, akanyonya na kunawiri, kisha anapokaribia nusu mwaka akageuka. Vidole vya mikono na miguu vikavimba, macho yakaingia umanjano, na usiku kucha akalia kwa maumivu. Mara maneno huanza: mtoto ametiwa jicho, maziwa ya mama yana kasoro, ukoo wa mama una damu mbovu. Wapo wanawake waliorudishwa kwao kwa maneno kama hayo. Wiki hii tuutazame ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita sikoseli, tangu mzizi wake. Mwenye kuufahamu mzizi huo hataona njia ya kumlaumu mama.

Mwili wa binadamu umejengwa kwa seli, vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho matupu. Ndani ya takriban kila seli mna uzi mrefu uitwao DNA, uliobeba maagizo ya kuujenga na kuuendesha mwili. Maagizo hayo yameandikwa kwa herufi 4 tu: A, T, G na C. Fungu moja la maagizo lina herufi zipatazo bilioni 3, na kila mmoja wetu amepokea mafungu mawili, moja kwa baba na moja kwa mama. Sehemu ya uzi yenye agizo la kitu kimoja huitwa jeni.

Mwaka 1953 James Watson na Francis Crick, wakisaidiwa na picha za eksirei zilizotokana na kazi ya Rosalind Franklin, walieleza kuwa DNA ni nyuzi mbili zilizosokotana: A hukabiliana na T, na G hukabiliana na C. Seli inapotaka kugawanyika, nyuzi hizo huachana, na kila mmoja huwa kiolezo cha kutengenezea mwenziwe mpya. Wazee wetu wa Siyu walionakili misahafu kwa mkono walikuwa wakiangalia asili na kulinganisha kila neno. Seli nayo ina vimeng'enya vinavyonakili na vinavyosahihisha. Hata hivyo, kosa hupenya mara chache, takriban herufi moja katika kila bilioni. Kosa likibaki huitwa badiliko la jeni. Mengi hayadhuru. Lakini likitokea katika yai la mama au mbegu ya baba, huweza kurithiwa kizazi baada ya kizazi.

Agizo nalo haliwi kitu mpaka lisomwe. Seli hutoa nakala fupi ya jeni, iitwayo RNA, na kuipeleka kwenye viwanda vidogo viitwavyo ribosomu. Huko herufi husomwa tatu tatu, na kila kundi la herufi tatu huita tofali moja la protini, liitwalo asidi amino. Seli ya jicho na seli ya ini zina maagizo yale yale, ila kila moja hufungua kurasa zake na kuzifunga nyingine.

Sasa tuje kwenye damu. Himoglobini ndiyo protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu. Sehemu yake moja, iitwayo beta, ina asidi amino 146. Katika jeni ya selimundu, kwenye tofali la 6, herufi A imegeuka T: palipostahili kusomeka GAG pakasomeka GTG. Badala ya asidi ya glutamiki ikawekwa valini. Himoglobini ya namna hiyo ikishatoa oksijeni hushikamana, na chembe nyekundu ikapinda mfano wa mundu. Chembe zilizopinda hukwama katika mishipa midogo, ndipo maumivu yakaja. Tena hazidumu: chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi, hizi huishi siku 10 hadi 20. Ndiyo sababu ya upungufu wa damu na umanjano wa macho.

Kwa nini basi mtoto azaliwe mzima na augue baadaye? Akiwa tumboni, mtoto hutumia himoglobini ya aina nyingine, inayotoka katika jeni isiyo na kasoro hiyo. Baada ya kuzaliwa, jeni hiyo hufungwa pole pole na ile ya beta ikachukua nafasi yake. Miezi ya mwanzo ilikuwa ya stara tu. Badiliko lilikuwamo tangu mimba ilipotunga. Si jicho wala si maziwa.

Wala si mama peke yake. Mtoto huugua selimundu pale anapopokea jeni hiyo kwa wazazi wote wawili. Aliyeipokea kwa mzazi mmoja, anayeandikwa AS, ni mbebaji, na kwa kawaida huishi bila kuugua. Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Nafasi hiyo haihesabiwi kwa zamu: aliyezaa mgonjwa wa kwanza hana hakika kwamba watatu wanaofuata watasalimika. Na ndugu wanapooana, yaani watoto wa mtu na nduguye, huongezeka uwezekano wa wote wawili kuwa wamerithi jeni ile ile kwa babu au bibi mmoja.

Kuibeba jeni hii si fedheha. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alipima damu za watu hapa nchini mwaka 1949, akaona wabebaji ni wengi Pwani na kando ya Ziwa Victoria, na ni wachache nyanda za juu. Mwaka 1954 akachapisha sababu: wabebaji wana kinga dhidi ya malaria. Utafiti uliofanywa Kilifi baadaye umeithibitisha kinga hiyo. Kwa hiyo herufi hii imebaki kwetu kwa kuwa iliwaokoa wengi waliotutangulia. Lakini mgonjwa mwenyewe, anayeandikwa SS, malaria kwake ni hatari kubwa.

Basi tufanye nini? Kwanza, wanaokusudia kuoana wapimwe aina ya himoglobini mapema, kabla ya posa kujibiwa na mahari kupokelewa. Kipimo hiki si kile cha kundi la damu, A, B au O. Saudi Arabia imelifanya jambo hili kuwa sharti la ndoa tangu mwaka 2004, ingawa uamuzi huachiwa wenyewe wachumba. Majibu ni amana. Si ya kutangazwa barazani. Pili, mwenye jamaa anayeugua ampimishe mtoto wake tangu uchanga, asingoje vidole vivimbe.

Tatu, mtoto akigundulikana anaugua, asikatiwe tamaa. Penisilini ya kila siku katika miaka ya mwanzo, chanjo kamili, kinga ya malaria, maji ya kutosha na kujiepusha na baridi kali humlinda. Iko pia dawa ya hidroksiurea, inayoiamsha tena ile himoglobini ya utotoni. Homa kwake ni jambo la kukimbiliwa hospitali saa ile ile, si la kungojea asubuhi. Na Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha tiba inayohariri DNA ya mgonjwa mwenyewe ili himoglobini ya utotoni irudi. Gharama yake bado ni kubwa mno, lakini mlango umefunguliwa.

Enyi mama wakwe na mawifi, mnapomwona mke wa kijana wenu amempakata mtoto anayelia kwa maumivu ya mifupa, kumbukeni kwamba nusu ya urithi ule umetoka kwenu. Mpokeeni mtoto, mama apate kulala.

Wabillahi tawfiq.