Jakaranda ya mbele ya biro isikatwe



Kila mutu anaona namna jakaranda yetu inakauka, kuanzia kwa ncha za matawi ya juu, kisha kushuka polepole. Sasa maneno inatembea: ikatwe, jiko ipate kuni. Sisi wa darasa la sita hatukubali.

Kwanza tusihukumu mbio. Mwezi wa kenda, jakaranda nyingi za Lubumbashi ziko bila majani, na kisha zinajaa maua. Muti bila majani si muti uliokufa. Kwarua ganda ya tawi na kisu: kama chini kuko kijani, tawi iko muzima; kama kuko kahawia na kukavu, imekufa. Tulijaribu vile na mwalimu wa biolojia. Matawi ine tu njo yamekufa. Shina ni zima.

Ugonjwa unatoka wapi? Tuangalie chini, si juu. Pale kwa shina panachomwa takataka kila siku ya posho, na moto unapika ganda, fasi chakula ya muti inapita. Kuko misumari ya matangazo. Kuko waya ya kuanika nguo, imeingia ndani ya ganda kabisa. Na udongo wa shimo ya vyoo vipya ulirundikwa juu ya mizizi, nayo inahitaji hewa. Muti ukizoofika hivi, kuvu inaingia kwa vidonda na kukausha matawi. Kwa hiyo tukiukata na kupanda mwingine pale pale, ule nao utakauka. Tutapata kuni za juma mbili, basi.

Mwenzetu mumoja alisema ni muti wa wazungu, uende. Kweli, ulitoka Amerika ya Kusini. Lakini muhogo pia ulitoka kule, na mahindi yalitoka Amerika vilevile. Hatujaona bado mwanafunzi anayekatala bukari.

Tunaomba matawi yaliyokufa yakatwe sasa, mbele ya mvua ya mwezi wa kumi, maana maji ya mvua inatawanya kuvu. Yakatwe na musumeno mpaka kufika kwa sehemu nzima, bila kuacha kisiki, bila kuchuna shina. Musumeno upanguswe na alkoli kila mara. Panga hapana! Panga inapasua muti, na wale wanaopewa malipizi wasitumwe tena kukata matawi nayo. Udongo uondolewe polepole, na mikono. Kiangazi kikirudi, tumwange maji mara moja kwa juma, si kwa shina tu, lakini mpaka chini ya ncha za matawi, maana mizizi inafika kule na kupita.

Shimo mpya ya takataka tutachimba nyuma ya jiko, siku ya posho inayokuja, saa mbili asubui. Wavulana wa darasa la ine na la tano walete majembe. Kwa matangazo, tunaomba biro itupatie ubao.

Kapita wa wanafunzi, darasa la sita