Kupunguza unene: akili ihesabu, moyo usikilizwe

Huku mipakani kwetu, kuanzia Kobero hadi Mutukula, mwili mnene ni heshima. Mfanyabiashara mwenye kitambi huonekana ana mtaji, na mama aliyejaza kitenge huonekana ametunzwa. Akipungua kilo tano tu, sokoni minong'ono huanza: "Ana nini huyu?" Ndiyo maana daktari anapomshauri mtu apunguze uzito kwa ajili ya presha au kisukari, akili hukubali palepale, lakini moyo hugoma.

Wako wanaosema huo ni ujinga. Mimi sikubaliani nao. Woga huo una historia, tena ni historia yetu sisi watu wa mpakani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, ukimwi ulipojitokeza wilayani Rakai nchini Uganda, watu waliuita "Slim" kwa jinsi ulivyowakondesha wagonjwa. Upande wa pili, mkoani Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa Tanzania waligunduliwa mwaka 1983, uliitwa "Juliana", jina la kitambaa kilicholetwa na wachuuzi kutoka Uganda. Aliyezika ndugu zake enzi zile hawezi kuona mashavu yaliyobonyea akatulia.

Kwa waliorejea kutoka makambini kuna la ziada. Kipimo kinachotumika kupanga mgao wa chakula cha mkimbizi ni kilokalori 2,100 kwa siku, lakini walioishi Nyarugusu na Nduta wanajua kwamba haukufika kamili kila mwezi. Mwaka 2017 ulipunguzwa kwa kukosa fedha. Mzazi aliyewagawia watoto unga kwa kikombe, leo yuko kwao, sufuria imejaa, halafu anaambiwa apunguze kula. Si rahisi.

Hata hivyo, kuusikiliza moyo si kuukabidhi usukani. Nyakati zimebadilika. Siku hizi anayeishi na virusi na kumeza dawa zake sawasawa anaweza kunawiri kuliko mimi na wewe, kwa hiyo macho ya sokoni hayapimi tena afya ya mtu. Presha na kisukari, kinyume chake, humwingia kimyakimya mtu aliyenenepa. Kiuno kinachozidi sentimita 88 kwa mwanamke, au 102 kwa mwanamume, ni dalili ya hatari.

Tena hesabu yenyewe haitishi. Kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito husaidia kushusha presha na sukari. Mwenye kilo 90 anatafuta kupunguza kilo nne na nusu hadi tisa, si kurudia umbo la siku ya harusi yake.

Ubaya huja pale tunapofanya mambo kwa pupa. Anayejinyima ghafla huchokoza kumbukumbu za njaa. Mwili nao hujihami: hubana matumizi na kuzidisha hamu ya kula, na siku ya nne mtu anakula cha watu watatu. Wengine hukimbilia vidonge vya vichochoroni, vya kukondesha au vya kunenepesha. Deksamethasoni, ambayo baadhi ya watu huimeza ili wanenepe, inaweza kupandisha presha na sukari hizo hizo tunazozikimbia.

Mfanyabiashara hodari hupanga bei yake kabla hajafika sokoni, maana akifika na hasira au njaa atauza kwa hasara. Chakula nacho ni hivyo. Panga ukiwa umetulia na umeshiba. Anza na kile ambacho moyo hautakililia: chupa ya soda ya mililita 300 ina sukari ya vijiko vya chai saba au nane hivi, badala yake kunywa maji. Ugali usiuache, ila upunguze, na nafasi yake ijazwe lengalenga na maharage. Ukialikwa karamuni, usimvunjie mwenyeji heshima: kula kidogo cha kila ulichokirimiwa, ukashukuru. Nyumbani waambie mapema kwamba unapungua kwa makusudi, wasije wakakulilia ukiwa hai.

Jambo moja lisisahaulike. Ukikonda bila kukusudia, nenda zahanati upimwe, hata kama nguo zinakukaa vizuri zaidi. Hapo woga wa moyo una haki yake.

Neno langu la mwisho ni kwetu sisi watazamaji. Kuna mama ambaye ameshusha presha yake kwa jasho la miezi sita, kisha anarudia soda na chapati za mafuta kwa sababu ya maneno ya sokoni. Tukimwona mwenzetu amepungua, tumsalimu na kumjulia hali kama siku zote. Pole zetu tuziweke hadi atakapotuambia kwamba anaumwa.