Taa iko mbele, gari linatokea nyuma

Mwanzoni mwa Julai nilikuwa Tabora kwa dada yangu. Siku ya kurudi, shemeji alinipeleka stendi na gari lake saa 12 asubuhi, giza bado limetanda. Tulikuwa tunapiga stori, ghafla akakanyaga breki hadi mkoba wangu ukaruka kutoka mapajani. Hatua chache mbele yetu alikuwapo mvulana wa sekondari juu ya baiskeli, sweta la bluu iliyokolea, begi jeusi mgongoni.

Shemeji alishusha kioo, sauti ikimtetemeka. "Mwanangu, unaendeshaje gizani bila taa?"

"Shikamoo baba. Mbona taa ninayo?"

Akatuonyesha tochi iliyofungwa kwa mpira kwenye usukani. Ni kweli, ilikuwa inawaka na inamulika vizuri njia yake. Sisi tuliotokea nyuma hatukuona hata chembe ya mwanga.

Ndani ya basi nilimfikiria mama yake. Bila shaka alimuaga akiwa na amani kwamba mwanawe ana taa.

Mzazi, taa ya mbele humsaidia mtoto kuona. Inayomsaidia kuonekana na gari linalomfuata ni ya nyuma, na ndiyo tunayoisahau kwa sababu mtoto mwenyewe haioni.

Kwa wazazi wa magharibi mwa nchi jambo hili ni zito zaidi. Saa zetu ni moja nchi nzima, lakini jua halichomozi kwa pamoja. Mwezi Julai, Dar es Salaam huchomoza kama saa 12:35 asubuhi, Tabora karibu saa 1, na Kigoma huchelewa zaidi. Mwanafunzi anayetoka nyumbani saa 11:30 alfajiri anaweza kufika shule giza halijaisha.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Piga hesabu mwenyewe: gari la kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Dereva akimwona mtoto zikiwa zimebaki mita 30, hawezi kusimama kabla ya kumfikia, hata breki zikiwa mpya.

Anza na taa ya nyuma

Kama fedha inatosha taa moja tu, nunua nyekundu ya nyuma, na tochi ya nyumbani ikae mbele. Usigeuze rangi. Dereva akiona nyekundu anajua anakifuata chombo, akiona nyeupe anadhani kinamjia.

Ifunge kwenye bomba la kiti, ielekee nyuma moja kwa moja, isitazame chini wala juu. Kisha mpandishe mtoto na begi lake, na mzigo wa keria kama upo, uangalie kama sweta au begi halijaifunika.

Taa nyingi huwaka kwa kutulia au kwa kumweka. Ya kumweka hushtua jicho haraka na hutumia betri kidogo. Ya kutulia humsaidia dereva kukadiria umbali, hivyo kwenye barabara isiyo na taa za mtaani mimi ningechagua hiyo.

Betri ipi?

Chagua taa kwa kuangalia betri ambayo nyumba yako itaweza kuihudumia kila wiki.

Ya kuchaji hufaa kama nyumbani kuna umeme au sola ya uhakika. Ichajiwe pamoja na simu, siku ileile kila wiki, bila kusubiri ififie.

Inayotumia betri za AA au AAA hufaa pale umeme unaposumbua, kwa sababu betri hizo ziko kila duka. Zilizoandikwa "alkaline" hudumu kuliko za bei ya chini kabisa. Usichanganye mpya na kuukuu, na shule zikifungwa zitoe, maana huvuja na kuharibu taa.

Kuna vitaa vidogo vya bei nafuu vinavyotumia betri bapa kama sarafu. Kama una mtoto mdogo nyumbani, naomba uviache, labda kama kifuniko cha betri kinafungwa kwa skrubu. Mtoto akimeza betri hiyo ikakwama kooni, inaweza kuunguza njia ya chakula ndani ya saa 2 tu, hata kama haiwezi tena kuwasha taa.

Ikitokea, au hata ukihisi tu kwamba amemeza, mkimbize hospitali. Usimtapishe, usimpe chakula. Kama amevuka mwaka 1 na anaweza kumeza, mpe asali vijiko 2 vya chai kila baada ya dakika 10 mkiwa njiani, isizidi mara 6. Asali hupunguza kuungua tu, haiondoi betri, kwa hiyo usichelewe nyumbani ukiitafuta.

Baiskeli yenye dainamo haihitaji betri, ila nyingi huzima mtoto akisimama. Kwa hiyo, taa iwe ya aina yoyote, weka na riflekta nyekundu nyuma na stika za kung'aa kwenye begi. Hizo haziishiwi chaji, ingawa zinang'aa pale tu taa za gari zinapozipiga.

Jaribio la hatua 100

Jumapili giza likiingia, msimamishe mtoto na baiskeli yake pembeni mwa njia, taa imewashwa, begi mgongoni. Tembea hatua 100 kwenda nyuma yake, kisha geuka. Kama unaitafuta taa kwa macho, dereva naye ataitafuta, na yeye hana muda wako. Badilisha betri, ipandishe taa juu, au nunua nyingine.

Nilimsimulia dada mambo haya kwa simu. Mwanawe yuko kidato cha pili, naye huenda shule kwa baiskeli. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mdogo wangu, hata wa kwangu ana tochi ya mbele tu."

Jioni ileile shemeji alikwenda dukani.