Tuta Nalo Lina Haki ya Kupumzika



Ndugu wapendwa, masika yakishapita na upepo wa kusi ukaanza kukausha nyua zetu za Kibamba, huanza pia desturi moja ambayo wiki hii napenda kuipinga waziwazi. Matembele hunyolewa mpaka shinani. Marando yaliyobaki hung'olewa. Muhogo uliopukutisha majani hukatwa kwa kudhaniwa umekufa. Kisha vyote hufagiliwa pamoja na kutiwa moto. Ua hubaki mweupe, nasi tunauita usafi. Vuli inapoanza kunyesha, mwezi Oktoba au Novemba, nyumba ile ile hutoka kutafuta mbegu ya marando mtaani, na mara nyingi haipati.

Mimi nasema huo si usafi. Ni kuichoma mboga ya mwaka ujao.

Tuutazame mmea wenyewe. Jani ndilo jiko lake: humo hupika chakula kwa mwanga wa jua, na kinachozidi hushushwa chini kikawa akiba ya shina na mizizi. Anayechuma kila jani huzima jiko hilo na kuulazimisha mmea uishi kwa akiba peke yake. Wakati wa mvua huweza kujirudi upesi. Wakati wa ukame hudhoofika hata kufa. Muhogo, kwa upande wake, hupukutisha majani ili kupunguza maji yanayopotea. Shina lililo uchi mwezi Agosti limefunga mlango tu, linangoja mvua.

Wakulima wa Ulaya wanaijua hekima hii katika mboga yao iitwayo asparaga, ambayo huliwa ingali chipukizi. Aliyeipanda hujizuia kuivuna kwa miaka miwili ya kwanza, ndipo tuta limpe mavuno kwa miaka kumi na zaidi. Huko Ujerumani, kwa desturi, uvunaji hukoma tarehe 24 Juni, sikukuu ya kuzaliwa kwa Mtakatifu Yohane Mbatizaji, hata kama machipukizi bado yanatoka na bei sokoni ni nzuri. Baada ya hapo mmea huachwa ukue na kuweka akiba. Majani yake hayakatwi mpaka yageuke manjano yenyewe; ndipo tuta husafishwa, likalishwa mbolea na kuachwa lilale kipindi chote cha baridi. Sisi hatuna theluji, lakini tunacho kipupwe na tunacho kiangazi. Nasi tungeweza kuwa na tarehe ya kusema: sasa inatosha.

Je, tufanye nini? Kwanza, tupunguze kuchuma. Tuchukue ncha chache, tuache majani ya kutosha juu ya kila rando. Pili, majani makavu tunayoyachoma tuyatandaze juu ya tuta, unene wa sentimita tano hadi kumi, bila kugusa mashina. Ardhi itabaki na unyevu na baadaye itapata rutuba. Tatu, tutie samadi iliyokwisha kuoza, kwani mbolea mbichi ya kuku huunguza mizizi. Nne, tuchague mbegu safi. Rando lenye majani yaliyokunjamana na kudumaa huenda limebeba ugonjwa wa virusi unaoenezwa na inzi weupe na vidukari, na kulitunza ni kuutunza ugonjwa.

Kwa nyumba isiyo na maji kabisa ipo njia nyingine, iliyoenezwa katika nchi zetu na watafiti wa Kituo cha Kimataifa cha Viazi. Baada ya mavuno chagua viazi vitamu vidogo, vizima, visivyotobolewa na fukusi. Vipange ndani ya beseni lenye mchanga mkavu na kuliweka mahali penye ubaridi ndani ya nyumba. Wiki sita hadi nane kabla ya mvua, vipande katika kijituta kidogo na kuvimwagilia. Vitachipua marando kwa wakati unaofaa.

Najua mtakavyonijibu. Mtasema maji hayatoshi, nanyi mna haki. Mwishoni mwa mwaka 2022 Mto Ruvu ulipopungua, Dar es Salaam iliingia katika mgao. Lakini sisemi mmwagilie shamba. Nasema kijituta cha hatua mbili kwa mbili, penye kivuli chepesi, kinachoweza kuishi kwa maji yaliyooshea mchele na mboga. Mtasema majani huficha nyoka na kuita mchwa. Ni kweli pia. Basi tuta liwe mbali na mlango, na matandazo yakaguliwe mara kwa mara. Hofu ya nyoka haihalalishi moshi unaoingia katika chumba cha mtoto wa jirani mwenye pumu.

Ninalo pendekezo moja kwa Jumuiya zetu Ndogo Ndogo. Kila jumuiya ichague nyumba moja yenye kisima au kivuli, itunze humo tuta moja la mbegu kwa ajili ya wote. Viwanja vyetu vinazidi kuwa vidogo kila mwaka, na si kila nyumba inaweza kulivusha tuta lake kiangazi. Lakini nyumba kumi zinaweza kulivusha moja. Mvua ikinyesha, mjane aliyepanga chumba kimoja apate marando yake ya kupanda ndani ya gunia, bila kununua na bila kuona haya ya kuomba. Fungu la matembele kwa tajiri ni kitoweo cha pembeni. Kwake ndicho chakula cha jioni.

Katika Injili ya Luka yumo mtunza shamba aliyeambiwa aukate mtini usiozaa. Hakubishana kwa maneno mengi. Aliomba mwaka mmoja zaidi, ili aupalilie na kuutilia mbolea. Naomba nasi, kabla ya kuwasha kiberiti wiki hii, tuliombee tuta letu miezi mitatu tu.

Nawatakia Dominika njema.