Zimeni resho, mtuachie taa

Wengi wetu wa Lemera tuko na miguu katika nyumba mbili. Wazee wamebaki kule juu kwenye milima, baba wa watoto yuko kwenye shimo la zahabu, na watoto wanasoma Uvira kwa shangazi yao. Basi kila magaribi simu ni ile ile: “Baba, umeme umekwenda tena, mitihani ni kesho.” Mtoto anasoma kwa mushumaa, simu inazima katikati ya mazungumzo, na maji ya robine nayo yanakatika.

Leo hatuandiki kwa kulia tu. Kulia tumelia sana. Tunataka kusema jambo moja: kama umeme hautoshi, wenye kuukata waache kukata kartie nzima. Wakate vitu vizito, watuachie vile vyepesi. Chombo cha kufanya hivyo kiko, na katika inchi nyingine kinafanya kazi.

Kwanza tufahamu namna hesabu inakaa. Umeme wetu unatoka kwenye mto Ruzizi, ule unaotoka ziwa Kivu na kuingia Tanganyika. Ruzizi ya kwanza ilianza kazi mwisho wa miaka ya 1950. Nguvu yake ni karibu megawati 30. Ruzizi ya pili ilianza mwaka 1989, ni karibu megawati 44, lakini ni ya inchi tatu: Kongo, Rwanda na Burundi. Ukigawa kwa tatu, kila mmoja hapati hata 15. Ongeza mitambo iliyozeeka, ongeza plastiki zinazotupwa ziwani kule Bukavu na kuja kuziba mitambo hiyo. Ruzizi ya tatu, ile ya megawati 206, tunaingojea. Watu ni wengi kuliko zamani, maji ni yale yale.

Sasa angalia ndani ya nyumba. Taa ya LED inakula wati 10. Kuchaji simu ni wati 5 hivi. Lakini resho la plaki mbili linaweza kula wati 2.000, maana yake resho moja ni sawa na taa 200! Nyumba 1.000 zikiwasha resho kwa saa moja ya magaribi, hizo ni megawati 2 zimekwenda kwenye sombe na bugali. Pasi, mashine ya kuchemsha maji ya kuoga, friji kubwa za biashara: hao ndio walaji. Taa ya mtoto haijaangusha laini hata siku moja. Lakini delestaji inapokuja, taa na resho vinapewa azabu moja.

Sisi watu wa shimo tunafahamu hii mambo vizuri kuliko wengine. Mafuta yakipungua kwenye shimo, PDG hazimi kila kitu. Anasimamisha konkasere kwanza, mawe yatangoja. Motopompi haizimwi, sababu maji yakipanda kuna watu chini. Kila mchimbaji anajua ule mpango, hakuna anayeubishia. Sasa kwa nini mji wa Uvira uongozwe kwa akili ndogo kuliko shimo la Luvungi?

Na huko mjini pia kuna watu chini ya shimo. Pompi za maji ya kunywa zinategemea umeme. Mwaka 2015 watafiti walitoa uchunguzi walioufanya Uvira, juu ya miaka 2009 mpaka 2014. Waliona kwamba baada ya siku moja bila maji ya robine, wagonjwa wanaozaniwa kuwa na kolera waliongezeka kwa asilimia 155 katika siku 12 zilizofuata. Karibu robo ya wagonjwa wote walihesabiwa kuwa ni juu ya kukosa maji. Kwa hiyo umeme ukikatika ovyo, haiko giza tu. Ni mama anateka maji ziwani, na kisha ni kitanda cha hospitali.

Chombo tunachosema kinafanya kazi namna gani? Ufaransa, toka zamani, alama inatumwa ndani ya waya ule ule wa umeme, na mashine ya kuchemsha maji inajiwasha usiku wakati watu wanalala. Afrika ya Kusini nao wanazima zile mashine kwa mbali saa ya shida. Na mwaka 2023 walijaribu kitu kingine kule Fourways, Johannesburg: pahali pa kukata umeme wote, kontere ilishusha nyumba kutoka ampea 60 mpaka 10. Ampea 10 kwa volti 220 ni wati 2.200. Taa zinabaki, televisheni inabaki, friji ya nyumba inabaki. Ila resho na pasi haviwezi kuwaka pamoja navyo vyote.

Tunajua mama mmoja atatujibu: “Mnataka kuzima resho langu, na makala je? Mutanilipia gunia?” Mama, uko na haki. Resho haiko anasa, ni kimbilio la mtu aliyeshindwa na bei ya makala. Ndiyo maana tunaweka masharti.

Moja: waanze na wakubwa. Hoteli, depo za vinywaji na viwanda vipunguze mbele ya nyumba ya mjane.

Mbili: pompi za maji na hospitali ziwe za mwisho kabisa kukatwa.

Tatu: saa zijulikane. Watangaze kwa redio na kwa ujumbe wa simu, mama apike saa tisa, na kuzima kusipite saa mbili.

Ine: kontere isilipwe na mwananchi. Faida ya kwanza ni ya mwenye kuuza umeme, basi yeye ndiye alipe.

Tano, na hii ndiyo kubwa: nani atashika kitufe? Tumeona kartie ya mkubwa ikiwaka wiki nzima na ya kwetu ikilala giza. Kitufe cha kuzima kwa mbali kikishikwa na mtu wa bahasha, kitakuwa ubaya juu ya ubaya. Orodha ya nani alizimwa, siku gani na saa ngapi, ibandikwe kwenye ofisi ya kartie, kila mtu asome.

Na sisi wenyewe tusingoje kontere mpya ili tuanze. Avenue moja inaweza kupatana: nyumba hizi zinapika saa tisa, zile saa kumi na moja. Anayeunga waya kwa wizi aambiwe na majirani, sababu anakula taa ya mtoto wa mwenzake. Hata kule Lemera, wenye kugawana batri moja ya sola wanajua: mmoja akichomeka pasi, wote wanalala giza.

Umeme mdogo unaweza kutosha kwa mambo yaliyo ya lazima. Kwenye shimo tunafuata mpango huo, na watu wanatoka wazima. Tunaomba mji nao uufuate.